Namna ya Kujadili Wachezaji wa Besiboli na Mabadilishano ya Katikati ya Msimu

Kila Julai inapoingia, mashabiki wa besiboli ya Marekani hugawanyika. Mmoja anataka mpigaji aliyepoa auzwe leo hii. Mwingine anaapa kwamba kumuuza ni kuiua timu. Wa tatu ana orodha ndefu ya nyota anaotaka waletwe, lakini hasemi watalipiwa nini. Mabishano haya ni sehemu ya utamu wa mchezo wenyewe, nami nayapenda kwa dhati. Ndiyo maana huumia ninapoyaona yakigeuka kelele tupu.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yako unayeujua mchezo kiasi cha kumtofautisha mrushaji na mpigaji, na sasa unataka hoja zako zisimame mbele ya watu. Shika jambo moja tangu mwanzo: kila mjadala wa kubadilishana wachezaji una maswali mawili. La kwanza, mchezaji huyu ana uwezo gani hasa? La pili, kwa timu hii, mwaka huu, uwezo huo unastahili kulipiwa nini? Watu wengi hugombana bure kwa sababu mmoja anajibu swali la kwanza na mwenzake anajibu la pili.

Anza na kalenda

Ligi Kuu ya Besiboli ina timu 30: 15 za American League na 15 za National League. Kila timu hucheza mechi 162, kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Septemba. Tangu mwaka 2022, timu 12 huingia hatua ya mtoano, sita kutoka kila ligi.

Dirisha la kubadilishana wachezaji hufungwa mwishoni mwa Julai au siku za kwanza za Agosti. Mwaka 2022 lilifungwa Agosti 2, mwaka 2024 Julai 30, na mwaka 2025 Julai 31, saa kumi na mbili jioni kwa saa za New York. Kwa aliye Dar es Salaam au Nairobi, hiyo ni saa saba usiku. Zamani kulikuwa na mlango wa pili mwezi Agosti. Justin Verlander alitoka Detroit kwenda Houston kupitia mlango huo dakika za mwisho za Agosti 31, 2017. Tangu 2019 mlango huo umefungwa.

Kama umezoea dirisha dogo la usajili katika soka, tofauti kubwa iko kwenye malipo. Katika soka klabu hulipa ada ya uhamisho. Katika besiboli, malipo ya kawaida ni mchezaji kwa mchezaji, na mara nyingi ni nyota mmoja kwa chipukizi kadhaa walio bado katika ligi za chini. Kwa hiyo anayesema "tumlete fulani" bila kutaja atakayeondoka hajamaliza sentensi yake.

Msome mpigaji kwa mpangilio

Wengi huanza na wastani wa kupiga, yaani mapigo salama yakigawanywa kwa zamu zinazohesabiwa. Namba hii ni kongwe na ni rahisi kuielewa. Katika misimu ya karibuni wastani wa ligi nzima umekuwa kati ya 0.240 na 0.250, kwa hiyo mpigaji wa 0.270 leo si wa kubezwa. Kasoro yake ni kwamba haihesabu besi za bure anazopewa mpigaji mvumilivu, tena hulichukulia pigo dogo la besi moja sawa na homurani.

Ndiyo sababu unapaswa kwenda hatua ya pili: kiwango cha kufika besi. Hapa wastani wa ligi umekuwa kati ya 0.310 na 0.320. Mpigaji asiyetolewa ndiye anayeipa timu nafasi ya kufunga, iwe amepiga au amevumilia mipira minne mibaya. Hatua ya tatu ni nguvu ya mapigo, yaani besi zote alizopata kwa mapigo yake zikigawanywa kwa zamu zinazohesabiwa. Ukijumlisha kiwango cha kufika besi na nguvu ya mapigo unapata OPS, namba ambayo mashabiki huitaja sana.

Kisha jiulize amezipata wapi namba hizo. Coors Field ya Denver iko takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi, mpira huruka mbali, na mrusho hauvunji kona kama ulivyozoeleka viwanja vingine. Kumlinganisha moja kwa moja mpigaji wa Colorado na wa Seattle ni dhuluma kwa mmoja wao. OPS+ hurekebisha kasoro hiyo: 100 ni wastani wa ligi, na 120 ni asilimia 20 juu ya wastani baada ya kiwanja kuzingatiwa.

WAR hujaribu kukusanya kila kitu mahali pamoja: kupiga, kukimbia besi, kudaka na nafasi anayocheza. Inakadiria idadi ya ushindi ambao mchezaji anaiongezea timu akilinganishwa na mbadala anayepatikana kwa urahisi. Mchezaji wa kawaida anayeanza kila siku hukaribia 2 kwa msimu, nyota hufika 5 au zaidi, na anayefika 8 huwa anawania tuzo ya mchezaji bora. Baseball-Reference na FanGraphs huikokotoa kwa njia tofauti, kwa hiyo tofauti ya nusu ushindi kati ya wachezaji wawili haitoshi kushindia hoja.

Mrushaji ana mitego yake

Kwa mrushaji, usiishie kwenye idadi ya mechi alizoshinda. Ushindi unategemea wenzake wamefunga pointi ngapi siku hiyo. Tazama ERA, yaani wastani wa pointi anazobebeshwa kwa kila duru tisa, halafu tazama pia FIP. Hii ya pili huangalia mambo ambayo wadakaji walio nyuma yake hawayagusi: wapigaji aliowatoa kwa straiki tatu, besi za bure alizotoa, waliogongwa na mpira, na homurani alizoruhusu.

Ukikuta ERA ya 4.80 na FIP ya 3.50, chunguza kabla ya kumlaani. Huenda walinzi wake ni wabovu au mipira imekuwa ikiangukia patupu. Ukikuta kinyume chake, ERA ya 2.60 na FIP ya 4.20, jihadhari kabla ya kutoa chipukizi wako bora kumlipia.

Angalia pia kasi ya mrusho. Tangu 2015 mfumo wa Statcast hupima mipira katika viwanja vya ligi kuu, na namba zake ziko wazi kwa kila mtu. Mrushaji aliyezoea kilomita 154 kwa saa akishuka hadi 150 ndani ya wiki chache, swali la bega au kiwiko ni halali. Kwa mpigaji, angalia mpira unatoka kwenye gongo kwa kasi gani; unaofika kilomita 153 kwa saa huhesabiwa kuwa umepigwa kwa nguvu. Anayepiga kwa nguvu kila siku na mipira yake inaishia mikononi mwa wadakaji ana sababu ya kusubiriwa.

Mpe muda kabla ya hukumu

Fanya hesabu ndogo. Katika zamu 50, ambazo ni kama wiki mbili, mpigaji mwenye mapigo 15 ana wastani wa 0.300, na mwenye mapigo 12 ana 0.240. Tofauti ni mapigo matatu. Mdakaji mmoja akijirusha vizuri, upepo ukirudisha mpira mmoja, na mwamuzi akikosea mara moja, shujaa amekuwa mzigo. Usimpandishe wala kumshusha mchezaji kwa wiki mbili.

Kwa wapigaji, kipimo kizuri cha bahati ni BABIP, wastani wa mipira iliyobaki ndani ya uwanja na kuwa pigo salama. Kwa ligi nzima huzunguka 0.290 hadi 0.300. Mpigaji mwenye 0.390 mwezi Mei ana uwezekano mkubwa wa kushuka, mwenye 0.210 ana uwezekano wa kupanda. Wakimbiaji wenye kasi sana hukaa juu ya wastani kihalali, kwa hiyo mlinganishe mtu na historia yake mwenyewe pia.

Kwa warushaji, hakuna somo zuri kuliko la CC Sabathia. Alikuwa ametoka kushinda Cy Young, tuzo ya mrushaji bora, mwaka 2007 akiwa Cleveland. Mwaka 2008, baada ya mechi zake nne za kwanza, ERA yake ilikuwa 13.50. Aliyeamini Aprili peke yake angemtupa. Milwaukee Brewers walitazama mbali zaidi, wakamchukua Julai 7. Akaanzisha mechi 17 kwao, akashinda 11 na kupoteza 2, kwa ERA ya 1.65, na Brewers wakaingia hatua ya mtoano kwa mara ya kwanza tangu 1982.

Soma mkataba kabla ya jina

Mchezaji hufikia uhuru wa kujiuzia popote baada ya miaka sita ya utumishi katika ligi kuu. Miaka yake ya mwanzo hulipwa karibu na kima cha chini, ambacho mwaka 2025 kilikuwa dola 760,000. Baadaye huingia kwenye usuluhishi wa mshahara, na malipo yake hupanda. Kutokana na mpangilio huo, chipukizi wa miaka 21 mwenye miaka sita mbele yake anaweza kuwa na thamani kubwa kuliko nyota wa miaka 32 anayepiga vizuri kuliko yeye leo.

Uliza mkataba unaisha lini. Kama ni mwisho wa msimu huu, timu inanunua miezi miwili na mtoano, basi. Kama umebaki miaka miwili, bei lazima iwe juu. Uliza pia kama ana haki ya kukataa. Mchezaji aliyekaa miaka kumi katika ligi kuu, mitano ya mwisho akiwa na timu moja, anaweza kuzuia uhamisho wowote, na wengine huandikiwa haki hiyo ndani ya mikataba yao. Usipoteze jioni nzima ukimpanga mtu ambaye hawezi kuhamishwa bila ridhaa yake.

Ijue hali ya timu yako

Mwisho wa Julai, karibu theluthi mbili za msimu zimeshachezwa. Nyota wa WAR 6 kwa mwaka ataongeza takriban ushindi wa mechi mbili katika theluthi iliyobaki. Kwa timu iliyo mechi moja nyuma ya nafasi ya mtoano, mbili hizo ni uhai. Kwa timu iliyo mechi 12 nyuma, ni mapambo. Shabiki wa kweli lazima awe tayari kusema "mwaka huu tuuze" pale msimamo unapodai hivyo, hata kama inauma.

Kumbuka vilevile kwamba mtoano una sura yake. Siku za kupumzika ni nyingi kuliko katika msimu wa kawaida, kwa hiyo timu hutegemea warushaji waanzishaji watatu au wanne badala ya watano, na warushaji wa duru za mwisho hutumiwa mara nyingi zaidi. Ndiyo sababu mrushaji wa duru moja anaweza kuwa ghali Julai kuliko WAR yake inavyoonyesha.

Atlanta Braves wa 2021 wanafaa kusomwa kwa makini. Julai 10 walimpoteza Ronald Acuña Jr. kwa jeraha la goti. Hawakuwa wamevuka nusu ya ushindi, wala hawakuvuka hadi Agosti. Hawakukimbilia nyota mmoja wa bei kubwa. Walikusanya wachezaji wanne wa nje wa bei nafuu: Joc Pederson, Adam Duvall, Eddie Rosario na Jorge Soler. Walimaliza na ushindi 88, idadi ndogo kuliko ya timu nyingine yoyote iliyoingia mtoano mwaka huo. Rosario akawa mchezaji bora wa fainali ya National League, Soler akawa mchezaji bora wa World Series, na Atlanta wakatwaa ubingwa.

Pima biashara kwa lengo lake

Agosti 1987 Detroit Tigers walimchukua mrushaji mkongwe Doyle Alexander kutoka Atlanta na kumtoa kijana wa miaka 20, John Smoltz, aliyekuwa akihangaika katika ligi za chini. Alexander alishinda mechi tisa bila kupoteza hata moja, ERA yake ikiwa 1.53. Detroit walishinda kundi lao kwa tofauti ya mechi mbili tu, kisha wakatolewa na Minnesota. Smoltz akaja kushinda Cy Young mwaka 1996 na kuingia Ukumbi wa Mashujaa mwaka 2015. Je, Detroit walikosea? Bila Alexander huenda wasingefika mtoano kabisa. Waliyemtoa alikuwa kijana ambaye Agosti ile hakuna aliyeweza kuapa kwamba atafika huko. Gharama ilikuja kuwa kubwa mno, lakini uamuzi ulikuwa na mantiki siku ulipofanywa. Mtu makini hutenganisha mambo hayo mawili.

Chicago Cubs nao walimlipia mrushaji Aroldis Chapman wa New York Yankees kwa Gleyber Torres na wengine watatu Julai 2016, mkataba wa Chapman ukiwa umebakiza miezi michache. Walitwaa ubingwa wao wa kwanza tangu 1908, naye akarudi Yankees Desemba. Torres akachaguliwa katika timu ya nyota miaka ya 2018 na 2019. Kwa upande wa uwanjani, kila timu ilipata ilichotaka. Lakini mwanzoni mwa msimu huo ligi ilikuwa imemfungia Chapman mechi 30 kwa mujibu wa sera yake dhidi ya ukatili wa nyumbani, ingawa hakufunguliwa mashtaka ya jinai. Mashabiki wengi wa Cubs waliliweka jambo hilo mezani, na walikuwa na haki. Ubingwa ni kitu kikubwa, lakini shabiki hafungwi kuacha dhamiri yake nje ya uwanja.

Mwaka 2022 San Diego Padres walimpata Juan Soto, akiwa na miaka 23, pamoja na Josh Bell. Washington Nationals, waliomaliza msimu huo wakiwa wa mwisho katika ligi nzima kwa vipigo 107, walipokea kundi la vijana wakiwamo CJ Abrams, MacKenzie Gore na James Wood. Padres walifika fainali ya National League wakatolewa na Philadelphia. Desemba 2023 wakampeleka Soto kwa Yankees na kupata warushaji, akiwamo Michael King. Abrams aliingia timu ya nyota mwaka 2024, Gore na Wood mwaka 2025. Ukipima biashara kama hii, fuata mnyororo wote: waliokuja, waliokwenda, na wale waliopatikana baadaye kwa kuwatumia hao. Hukumu ya wiki ya kwanza haiwezi kuuona.

Uvumi na utu

Julai 29, 2015 zilivuma habari kwamba New York Mets wamemtoa Wilmer Flores. Mechi ilikuwa inaendelea. Mashabiki walizisoma kwenye simu zao na kumpigia makofi ya kwaheri, naye akiwa uwanjani akatokwa na machozi, maana alikuwa na timu hiyo tangu akiwa kijana wa miaka 16. Biashara ile haikukamilika. Siku mbili baadaye alipiga homurani ya duru ya 12 iliyoipa Mets ushindi dhidi ya Washington.

Toa mafunzo mawili hapo. Kwanza, habari si habari mpaka timu zithibitishe, kwa hiyo unaposambaza uvumi sema wazi kwamba ni uvumi. Pili, majina unayoyahamisha kwa maneno ni watu wenye wake, watoto na nyumba za kupanga. Hata chipukizi anayetajwa kama "nyongeza" amesafiri mbali kufika hapo. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alikuwa mzaliwa wa kwanza wa Afrika kucheza ligi kuu, mwaka 2017 akiwa na Pittsburgh, na vijana wa Uganda nao wamesajiliwa na timu za ligi kuu kuanza safari hiyo hiyo. Mkosoe mchezaji kwa kazi yake. Usimtukane mtu.

Maswali ya kujibu kabla ya kusema

1. Namba ninazotaja ni za zamu ngapi, na zinalingana na historia ya mchezaji mwenyewe?
2. Nimezingatia kiwanja, umri, afya na nafasi anayocheza?
3. Mkataba wake unaisha lini, na ana haki ya kukataa kuhama?
4. Timu yangu iko nyuma kwa mechi ngapi, na pengo lake liko wapi hasa?
5. Nani anaondoka? Je, ningekubali biashara hii kama ningekuwa upande wa pili?

Swali la mwisho ndilo zito kuliko yote. Waswahili husema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na shabiki naye huwapa thamani chipukizi wake kuliko soko linavyowapa, kisha akataka nyota wa mwenzake kwa bei ya bure. Ukiweza kuitetea biashara mbele ya shabiki wa timu ile nyingine bila kubadilisha hoja, umeipima vizuri.

Julai ijayo, kabla dirisha halijafungwa, andika maoni yako na sababu zake kwenye daftari au simu, utie na tarehe. Yasome tena msimu ukiisha, na tena baada ya miaka mitatu. Utakapogundua ulikosea, sema hadharani. Utakapopatia, eleza ulitumia kipimo gani ili wengine nao wajifunze. Mjadala wa besiboli kwa Kiswahili utajengwa na mashabiki wa namna hiyo.